Nani Atamkatiza Bingwa?

Februari 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, mgonjwa alipasuliwa kichwa ili itolewe damu iliyoganda kwenye ubongo. Saa zikapita, damu haikuonekana, kwa sababu haikuwepo. Mwenye damu kichwani alikuwa mgonjwa mwingine. Huyu aliyelazwa mezani alikuwa na uvimbe tu, wa kutibiwa bila kisu. Vitambulisho vilikuwa vimechanganywa. Habari ilipofika magazetini, hospitali ilimsimamisha daktari aliyekuwa akisomea ubingwa wa upasuaji wa ubongo, pamoja na muuguzi wa wodi, muuguzi aliyempokea mgonjwa kwenye chumba cha upasuaji na mtaalamu wa usingizi. Barua za kujieleza zikatoka. Waziri wa Afya, Sicily Kariuki, akampa mkurugenzi wa hospitali, Lily Koros, likizo ya lazima. Madaktari nao wakaandamana kumtetea mwenzao: mgonjwa kaletwa na jina lisilo lake, daktari kakosa nini?

Wasomaji wa Tanzania walikuwa na la kukumbuka. Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walibadilishana upasuaji. Wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Mwenye ugonjwa wa kichwa alifariki baadaye. Hapo pia waliohusika walisimamishwa, na kwa wiki kadhaa nchi haikuzungumza kingine.

Kati ya matukio hayo mawili lilipita jambo ambalo lingefaa kuzuia makosa ya aina hiyo. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa orodha ya ukaguzi wa upasuaji yenye vipengele 19, nayo ikajaribiwa katika hospitali za miji minane: Toronto, Seattle, London, Amman, New Delhi, Manila, Auckland na Ifakara. Naam, Ifakara ya Morogoro, ambako wakati huo hata lami ilikuwa haijafika. Matokeo ya miji yote minane kwa pamoja yalichapishwa Januari 2009: vifo vilishuka kutoka 1.5% hadi 0.8%, na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka 11% hadi 7%. Sehemu moja ya orodha hiyo inataka, kabla kisu hakijagusa ngozi, kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake, kisha wote wakubaliane kwa sauti: mgonjwa huyu ni nani, anafanyiwa nini, upande gani.

Dawa ya ugonjwa wa Muhimbili na Kenyatta ilikuwepo, basi, na sehemu ya ushahidi wake ilipatikana bonde la Kilombero. Lakini mwaka 2014 watafiti wa jimbo la Ontario, Kanada, walichunguza hospitali 101 zilizokuwa zimetakiwa kutumia orodha hiyohiyo. Katika ripoti za hospitali zenyewe, karibu zote zilikuwa zinaitimiza. Vifo na madhara havikupungua kwa kiasi cha kutajika. Orodha ilikuwa imegeuka karatasi ya kuwekewa vema.

Ndiyo maana, ninaposoma habari za upasuaji wa mgonjwa asiye wake, siulizi kwanza kama karatasi ilijazwa. Mgonjwa hupita mikononi mwa watu wanne au watano kabla ya kufika mezani. Swali ni kama mmoja wao, akiwa na shaka, angefungua mdomo. Na kama asingefungua, aliona nini mbele yake kilichomfanya anyamaze. Uchunguzi wa mitazamo ya watumishi kuhusu usalama wa mgonjwa, ambao sasa umekuwa fani nzima, ukiondolewa takwimu na majedwali unabaki na swali hilo.

Dhana ya utamaduni wa usalama haikuanzia wodini. Iliingia katika matumizi kupitia ripoti za Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki baada ya mlipuko wa Chernobyl wa 1986, pale wataalamu walipoona kwamba mitambo na kanuni peke yake havitoshi kueleza maafa yale. Hospitali ziliichukua kwa kasi baada ya 1999, Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipokadiria kwamba makosa ya kitabibu yanaua watu kati ya 44,000 na 98,000 kwa mwaka katika hospitali za nchi hiyo. Mwaka 2004 AHRQ, wakala wa serikali ya Marekani unaosimamia utafiti na ubora wa huduma za afya, ukatoa dodoso la maswali 42 yaliyogawanywa katika maeneo 12. Limetafsiriwa katika lugha nyingi na limefika Uarabuni, Ethiopia na kwingineko Afrika. Mtumishi husoma kauli na kusema anakubali au anakataa: tunasaidiana hapa kazi inapozidi, ukikosea unaona kama unaandikwa wewe badala ya kuandikwa tatizo, unaweza kuhoji uamuzi wa aliye juu yako. Eneo lenye majibu mazuri 75% au zaidi huhesabiwa kuwa ni nguvu ya hospitali. La 50% au chini yake ndilo la kufanyiwa kazi.

Majibu yana sura inayojirudia. Katika ripoti ya Marekani ya 2016, iliyojumuisha hospitali 680 na watumishi 447,584, ushirikiano ndani ya kitengo ulipata 82%. Makabidhiano ya wagonjwa kati ya zamu na kati ya vitengo yalipata 48%. Kutoadhibiwa kwa kukosea kulipata 45%, mkiani kabisa. Na zaidi ya nusu ya waliojibu walisema kwamba katika miezi 12 iliyopita hawakuwa wameripoti tukio hata moja.

Hapo ndipo wasimamizi wengi wanaposoma vibaya. Mkuu wa hospitali akiletewa daftari la matukio likiwa tupu, hufurahi. Miaka ya 1990, Amy Edmondson, mtafiti wa Harvard, alipima makosa ya dawa katika wodi za hospitali za Marekani akitarajia kwamba wodi zenye viongozi wazuri na ushirikiano mzuri zingekuwa na makosa machache. Akakuta kinyume: wodi nzuri ziliripoti makosa mengi zaidi. Maelezo yake, aliyoyachapisha mwaka 1996, ni kwamba katika wodi hizo watu hawakuogopa kuyataja. Tangu hapo daftari tupu haliwezi kusomwa bila kwanza kujua hali ya watu wanaolishika.

Jambo la pili, linalofichwa na wastani, ni kwamba hospitali moja huwa ni hospitali kadhaa, kutegemea umemuuliza nani. Mwaka 2000 Bryan Sexton na wenzake walilinganisha madaktari na wauguzi wa vyumba vya upasuaji na vya wagonjwa mahututi na marubani wa ndege. Asilimia 97 ya marubani walikataa mfumo ambao mkubwa hasikilizi walio chini yake. Kati ya mabingwa wa upasuaji, waliokataa walikuwa 55% tu. Asilimia 70 ya mabingwa hao walikana kwamba uchovu huathiri kazi, wakati marubani waliokana ni 26%. Na walipoulizwa juu ya kufanya kazi pamoja na bingwa wa upasuaji, 64% ya mabingwa wenyewe walisema ushirikiano ni wa hali ya juu. Wauguzi wa upasuaji walisema hivyo 28%. Madaktari waliokuwa wakisomea ubingwa wa usingizi, 10%. Chumba ni kilekile, mgonjwa ni yuleyule, taa ni zilezile.

Utafiti ule ulifanyika Marekani, Israeli na Ulaya, lakini anayejua raundi ya wodini kwetu hahitaji kutafsiriwa. Bingwa anatangulia. Nyuma yake wanaosomea ubingwa, kisha intani, kisha wanafunzi, na pembeni muuguzi akisukuma toroli la mafaili. Mpangilio wa kutembea ndio mpangilio wa kusema. Muuguzi amekesha na wagonjwa wale usiku kucha, anajua nani alitapika dawa, nani hakupata kabisa kwa kuwa duka la dawa la hospitali halikuwa nayo na ndugu bado wanatafuta pesa. Lakini anasubiri aulizwe. Na akiulizwa, mara nyingi swali ni moja: kwa nini huyu hajapewa dawa? Linaulizwa mbele ya mgonjwa, mbele ya ndugu, mbele ya wanafunzi wenye umri wa wadogo zake. Hapo halijibiki. Ukisema dawa hazipo unaonekana unaisema hospitali. Ukisema ndugu hawajaleta unaonekana huna huruma. Ukinyamaza, kosa ni lako.

Adabu ya kwetu inaongeza uzito. Muuguzi wa miaka 25 aliyemwamkia bingwa shikamoo asubuhi, na kuitikiwa marahaba mwanangu, atamwambiaje saa mbili baadaye kwamba mguu anaotaka kuukata si wenyewe? Wapo wanaothubutu, na wapo mabingwa wanaoshukuru. Sikubali hata hivyo kwamba heshima ndiyo tatizo. Marubani nao wanatoka katika jamii zenye wakubwa na wadogo. Kilichobadilisha mambo kwao ni mafunzo ya lazima, yanayorudiwa, yanayompa msaidizi wa rubani wajibu wa kusema na kumpa rubani wajibu wa kusikia. Chuo cha uuguzi kinachomfundisha mwanafunzi kutandika kitanda bila mkunjo, bila kumfundisha sentensi ya kumsimamisha bingwa, kimechagua kuliacha hilo kwa bahati. Ujasiri wa mtu mmoja mmoja hautabiriki.

Kisha kuna barua. Mtumishi wa umma anaijua: unatakiwa ujieleze kwa maandishi, kabla ya saa fulani, kwa nini hatua za kinidhamu zisichukuliwe dhidi yako. Nakala inaingia kwenye faili lako na inakaa humo hata wewe ukihama wilaya. Sasa hospitali ikianzisha fomu ya kuripoti matukio, kwa nia njema kabisa, inauliza nini kilitokea, saa ngapi, nani alikuwepo, nani alikuwa zamu. Maswali ni yaleyale ya barua. Inchaji wa wodi anayeipokea fomu ndiye anayepeleka barua. Mtu anawezaje kuamini kwamba karatasi moja ni ya kujifunza na nyingine ni ya kuadhibu, ikiwa zote zinaishia kwenye meza moja?

Imani ya aina hiyo inavunjwa zaidi kutoka juu kuliko kutoka chini. Novemba 9, 2015, siku chache baada ya kuapishwa, Rais John Magufuli aliingia Muhimbili bila taarifa, akakuta mashine za uchunguzi hazifanyi kazi na wagonjwa wamelala chini. Akaivunja bodi na kumwondoa aliyekuwa anakaimu ukurugenzi. Mashine zikatengenezwa upesi, vitanda vikaja, na wananchi wakashangilia, nami sioni sababu ya kuwacheka: aliyelaza mama yake sakafuni hakuwa na muda wa nadharia. Lakini somo walilolichukua watumishi kote nchini katika miaka iliyofuata ya kutumbua majipu, yaani kuwafukuza wanaodaiwa kukosea, pale kila kiongozi wa mkoa na wilaya alipotaka kuwa na jipu lake, lilikuwa jingine. Walijifunza kwamba tatizo likionekana, atatafutwa mtu. Na mtu anayepatikana kirahisi ni yule aliyekuwa zamu.

Tazama vikao vya kujadili vifo vya uzazi. Mwongozo wa Tanzania wa 2015, uliofuata ule wa WHO wa 2013, ulisema kifo kijadiliwe bila kutaja jina na bila lawama. Kwenye karatasi ni sahihi kabisa. Kikaoni wanakaa watu wanaojuana, kutoka kituo kimoja, na zamu ya usiku ule ilikuwa na mkunga mmoja. Jina halitajwi, na macho yote yanajua pa kuelekea. Kitaifa mafanikio ni makubwa: makadirio ya tafiti za kaya yanaonyesha vifo vya uzazi vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022. Ila kadiri tarakimu hiyo inavyokuwa fahari ya nchi, ndivyo inavyokuwa vigumu kwa kituo kidogo kuleta kifo mezani na kusema: hapa tulichelewa sisi.

Marekani kwenyewe, nchi iliyotupatia dodoso, haijalitatua tatizo hili. Desemba 2017 muuguzi RaDonda Vaught, katika hospitali ya Vanderbilt huko Tennessee, alitoa kwenye kabati la dawa vecuronium, dawa ya kulegeza misuli, badala ya dawa ya kumtuliza mgonjwa. Mgonjwa akafa. Vaught alikiri mara moja. Machi 2022 mahakama ilimtia hatiani kwa mauaji ya uzembe, na Mei mwaka huo akapewa miaka mitatu ya uangalizi bila kwenda jela. Wauguzi wa nchi ile walisimama nje ya mahakama. Walichokuwa wakikisema kilikuwa rahisi kueleweka Nairobi hata Mbeya: mwenye kuficha angekuwa salama zaidi.

Ndugu wa marehemu wana upande wao, na maandishi mengi ya fani hii huupita haraka kupita kiasi. Mtu amekufa, kuwaambia kwamba mfumo ndio uliokosea ni kuwaambia hakuna mtu. Mwanasaikolojia Mwingereza James Reason, ambaye fikra zake zimeijenga fani hii, hakusema watu wasiwajibishwe. Hoja ya utamaduni wa haki, aliyoieneza na iliyokuzwa na David Marx, ni kutenganisha aliyeteleza, aliyezoea njia ya mkato, na aliyejua hatari akaidharau. Wa kwanza afarijiwe na kazi irekebishwe, wa pili aongozwe, wa tatu aadhibiwe. Shida ya kwetu ni kwamba barua ni moja kwa wote watatu, na inatoka kabla haijajulikana nani ni nani.

Mitazamo ya watumishi ina upofu wake pia. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika vituo 935 vya afya nchini Kenya, ambako watafiti hawakuuliza watu wanafikiri nini: walikaa wakatazama. Kwa jumla kanuni za kuzuia maambukizi zilifuatwa karibu mara moja katika kila tatu zilipotakiwa. Katika sindano na uchukuaji wa sampuli za damu zilifuatwa 87%. Katika usafi wa mikono, 2.3%. Nasoma pengo hilo hivi: sindano chafu inamtisha anayeishika, na baada ya miaka mingi ya kampeni za UKIMWI na ugavi wa sindano za kutumia mara moja, kila mtu anajua hatari yake. Mkono usiooshwa unamtisha mgonjwa tu, tena hajui. Koki bila maji haihitaji maelezo. Lakini ukimpa mtumishi wa kituo hicho dodoso na kumuuliza kama usalama wa wagonjwa unapewa kipaumbele, huenda akajibu ndiyo kwa moyo mweupe. Anajilinganisha na jana, na kituo cha jirani. Kilichozoeleka hakihesabiwi kuwa hatari.

Kwa hiyo alama za juu zinahitaji kutiliwa shaka kuliko za chini. Wodi inayosema ushirikiano wake ni 90% huenda inashirikiana kweli, na huenda inashirikiana kulindana. Wauguzi wawili wanaohudumia wagonjwa 40 usiku hawana budi kuwa kitu kimoja. Watasaidiana kugeuza wagonjwa, watasaidiana kujaza chati ya saa kumi ikiwa ni saa kumi na mbili, na hakuna atakayemsema mwenzake. WHO ilipendekeza mwaka 2016 kiwango cha madaktari, wauguzi na wakunga 44.5 kwa kila watu 10,000; nchi zetu ziko mbali na hapo. Uhaba huo hauonekani kama kosa kwenye fomu yoyote. Huonekana kama makabidhiano ya zamu yanayofanyika wima, mlangoni, huku anayetoka anaangalia saa ya daladala na anayeingia anaitwa kitanda cha tatu.

Kenya ilijaribu njia ya kutazama kwa macho kwa upana zaidi. Katika kaunti za Kakamega, Kilifi na Meru, serikali na Benki ya Dunia walipima ukaguzi wa mara kwa mara wenye orodha iliyo wazi, alama zinazojulikana na muda wa kujirekebisha kabla ya kufungiwa. Alama za vituo vilivyokaguliwa zilipanda. Tofauti na ziara ya kushtukiza ni kwamba anayekaguliwa anajua kipimo kabla mkaguzi hajafika, na mkaguzi hatafuti mtu.

Kuna kundi jingine linaloona kila kitu na haliulizwi: ndugu. Katika hospitali zetu ndugu ndiye anayelisha, anayesafisha, anayekimbilia duka la dawa nje ya geti, anayekaa sakafuni kando ya kitanda akihesabu matone ya dripu. Anajua kwamba jana kidonge kilikuwa cheupe na leo ni cha njano. Mtunza usafi naye anajua choo gani hakina maji tangu Ijumaa. Dodoso linalogawiwa kwa madaktari na wauguzi peke yao linawaacha hao nje, na pamoja nao habari ambayo pengine ingetolewa bila woga mwingi, kwa kuwa mama mwenye kanga mbili na chupa ya uji hana faili la utumishi.

Mwaka 2019 AHRQ ilitoa toleo la pili la dodoso lake. Maswali yamepungua, lugha imerahisishwa, na imeongezwa nafasi ya kujibu kwamba sijui, au halinihusu. Toleo la kwanza halikuwa na nafasi hiyo. Asiyejua alilazimika kuchagua upande au kusimama katikati. Likigawiwa katika hospitali ya mkoa, mimi ningeanza kuhesabu majibu hayo ya sijui kabla ya kugusa mengine yote, hasa chini ya kauli inayosema kwamba tukiripoti makosa tunaelezwa kilichobadilishwa.